Kutoka Ufundishaji Tofautishi hadi Ujifunzaji wa Mmoja Mmoja: Sauti ya Mwanafunzi iko Wapi?

Makala haya yanapinga dai kwamba ujifunzaji wa mmoja mmoja ni ufundishaji tofautishi ulioongezewa kompyuta. Katika ufundishaji tofautishi, mwalimu ndiye hupanga makundi, kazi na mwendo; katika ujifunzaji wa mmoja mmoja, mwanafunzi mwenyewe hushiriki kuchagua lengo na njia ya kulifikia. (Neno ubinafsishaji tumeliepuka makusudi, masikioni mwa wengi humaanisha kuuza mashirika ya umma.)

Rwanda ilianza kuwagawia wanafunzi kompyuta ndogo mwaka 2008, mwaka uleule ilipoamua kufundisha kwa Kiingereza. Mwaka 2019 uamuzi huo ulirejeshwa hadi darasa la kwanza. Kompyuta yaweza kumpa mtoto zoezi linalolingana na kasi yake. Lakini mtoto wa miaka saba anayewaza kwa Kinyarwanda atamwelezaje mwalimu, kwa Kiingereza, jambo lisilomwingia na analotamani kulijaribu? Atanyamaza, na mwalimu atarudi kumchagulia. Sera inayohesabu vifaa haiusikii ukimya huo. Kwa maoni yetu, katika madarasa matatu ya mwanzo, lugha ambayo mtoto atajieleza kwayo iamuliwe kabla ya bajeti ya vifaa kupitishwa.