Kujitegemea Bila Ardhi Wala Soko: Uhakiki wa Istilahi ya Sera Kambini Dzaleka

Makala haya yanahakiki matumizi ya istilahi "kujitegemea" katika sera za wakimbizi nchini Malawi. Mwafaka wa Kimataifa kuhusu Wakimbizi wa 2018 uliweka kujitegemea kwa wakimbizi miongoni mwa malengo yake manne. Hoja yetu ni kwamba istilahi hii imechukuliwa bila masharti yake, na hivyo inaficha mgongano uliopo baina ya mageuzi ya soko na ustawi wa jamii.

Azimio la Arusha la 1967 lilitaja mahitaji manne ya maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Kambini Dzaleka, wilayani Dowa, ambako Kiswahili huwaunganisha Wakongomani, Warundi na Wanyarwanda, hitaji lililopo kwa wingi ni watu tu. Kambi hiyo ilifunguliwa 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000. Sasa ina zaidi ya 50,000. Ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, Malawi iliweka mipaka kwenye vifungu kadhaa, vikiwemo vya ajira, mali na uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi wa mijini warudi kambini. Kwa mwenye duka Nsungwi, jijini Lilongwe, amri hiyo ilimaanisha kuacha kile kile ambacho sera inakiita kujitegemea.

Novemba mwaka huo huo Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha, dola ikapanda kutoka takriban kwacha 1,180 hadi 1,700. Mageuzi ya aina hii hudhani kwamba mkulima atauza nje, mfanyakazi atadai nyongeza na mchuuzi atahamia penye wateja. Mkimbizi aliyefungiwa njia hizo hubaki mnunuzi wa unga tu.

Yaweza kujibiwa kwamba raia wa Malawi nao waliumia. Ni kweli; lakini kumzuia mkimbizi kufanya kazi hakumpunguzii raia mzigo wowote. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hiyo humwonya mwenye mikono huru, si aliyefungwa.

Tunapendekeza kwamba waraka wowote wa sera unaotumia neno "kujitegemea" utaje pia haki ya kufanya kazi, haki ya kutembea na msaada unaofuata bei ya unga. Pasipo hayo, jina sahihi ni kupunguziwa msaada.