Tunaishia mstari wa kumi

Kila kanisa nililowahi kusali, na nimesali kwenye mengi kiasi, lina siku yake ya kuhubiri Samweli. Mara nyingi ni siku ya vijana. Inasomwa sura ya tatu ya Samweli wa Kwanza: mtoto amelala hekaluni Shilo, anaitwa, anamkimbilia mzee Eli akidhani ndiye aliyemwita, anarudishwa kulala. Inatokea tena, na tena. Mara ya nne ameshafundishwa namna ya kuitika, anaitika. Hapo Biblia inafungwa. Kinanda kinaanza taratibu, tunaambiwa tufumbe macho, kila mmoja asikilize Mungu anamwitia nini.

Biblia imefungwa kwenye mstari wa 10. Sura ina mistari 21.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu nimemaliza kurudia The Purpose Driven Life cha Rick Warren, kitabu cha mwaka 2002 ambacho mara ya kwanza nilikisoma nikiwa kidato cha tano, nakala ya kuazima, kurasa zimepigiwa mistari na watu wanne tofauti kwa kalamu nne tofauti. Siku 40, sura moja kwa siku. Nilikuwa na shauku. Safari hii nimekisoma nikiwa na Samweli pembeni, pamoja na vile vijitabu vya kwetu vinavyouzwa mlangoni baada ya ibada, ambavyo karibu vyote vina neno "kusudi" kwenye jalada na picha ya mtu amesimama juu ya kilima.

Kwa haki, Warren ni bora kuliko wengi waliomfuata. Anaanza kwa kumwonya msomaji kwamba jambo hili halianzi na yeye, na sehemu zake kuhusu kuabudu na kuishi pamoja na waumini wengine bado zina nguvu. Lakini akifika kwenye huduma, anakupa herufi tano za kujipimia: karama, moyo, uwezo, haiba, yale uliyopitia. Unajikagua kama fundi anayekagua gari. Na hapo ndipo vijitabu vyetu vilipodaka. Vimeliacha lile onyo la mwanzo, vimebaki na vipimo. Ukimaliza kusoma unajua mengi kuhusu wewe. Unajua kama wewe ni mtu wa watu au mtu wa kukaa peke yako. Wito umegeuka jibu la swali ambalo kila kijana analo hata asipokuwa na dini: nitakuwa nani?

Ni swali halali kabisa, nami nililiuliza hadi nikachoka. Tatizo langu ni la msomaji: hadithi ambayo vijitabu hivi vinaiegemea hailiulizi swali hilo mahali popote.

Hebu tuisome. Msimulizi wa Samweli ni bahili wa maneno, kwa hiyo kila anachokitoa kina kazi. Anatuambia neno la Mungu lilikuwa adimu siku zile. Anatuambia macho ya Eli yamefifia, na taa ya Mungu haijazimika. Halafu sauti. Mara ya kwanza mtoto anapiga mbio kwenda kwa mzee. Mara ya pili na ya tatu msimulizi hasemi tena mbio, anasema tu aliamka akaenda. Sijui kama ni usingizi au kuchoka kusumbuliwa, lakini alikwenda. Hakuna mara hata moja alipojifunika shuka akasema huyu mzee naye.

Nilipokuwa darasa la sita nililala chumba kimoja na bibi yangu mzaa mama, ambaye macho yalikuwa yameingia ukungu. Aliniita usiku: maji, kopo, dirisha. Kwetu ukiitwa huulizi kwanza unaitiwa nini. Mtoto wa kike anaitika "abee", wa kiume "naam", na mwili unafuata sauti; ukiitika huku umekaa utagombezwa, maana hujaitika. Basi kuna usiku nilikurupuka, "Abee bibi," naye akasema, "Sijakuita, mama, lala." Sikusikia sauti ya Mungu, msinielewe vibaya. Nilisikia mazoea. Sikio langu lilikuwa limezoea kuwa kuna mtu mzee gizani ambaye huenda anahitaji maji.

Ndiyo maana siwezi kusoma zile mara tatu za kwanza kama makosa ya Samweli, namna zinavyohubiriwa. Eti mtoto alikuwa bado hajui kutofautisha sauti, nawe mpendwa jifunze kutofautisha sauti. Msimulizi anakiri kweli kwamba Samweli alikuwa hajamjua Bwana bado. Lakini angalia sauti ilivyomjia: ilifanana na ya mzee asiyeona vizuri. Mungu wa hadithi hii hakutafuta sauti ya pekee. Alitumia ile ambayo mtoto alikuwa tayari anaiamkia. Kama Samweli angekuwa mtu wa kutoamka kwa ajili ya Eli, sioni angeamka kwa ajili ya nani.

Na ni Eli anayetambua. Huyu ni yule yule ambaye sura mbili nyuma alimtazama Hana akiomba bila kutoa sauti, midomo inacheza tu, akamwona mlevi akamkaripia. Mtu aliyeshindwa kutambua maombi yaliyomzaa Samweli ndiye anayetambua sauti inayomwita Samweli. Msimulizi halisemi hili, analiacha tuliokote wenyewe. Anamwambia mtoto aitike akimtaja Bwana. Mtoto anaitika, lakini jina la Bwana analiruka. Woga? Usingizi? Wafafanuzi wana mengi ya kusema hapo. Mimi nabaki na mtoto aliyesahau nusu ya alichotumwa kusema, kama watoto wote.

Hapo ndo kinanda kinapoanza. Na hapo ndo hadithi inapoanza.

Wazee husema wito haukataliwi, hukataliwa neno. Yaani ukiitwa nenda. Ukifika, ukisikia unaloitiwa, hapo una nafasi ya kukataa. Msemo huu unaitenganisha sauti na ujumbe, na ndicho mahubiri yetu yanachoshindwa kufanya. Tunafundishwa kuitika, hatufundishwi kuuliza: neno lenyewe lilikuwa nini?

Neno lilikuwa msiba. Mistari ya 11 hadi 14: nyumba ya Eli itahukumiwa, kwa sababu wanawe wamemdharau Mungu naye hakuwazuia, na hakuna dhabihu itakayolifuta hilo. Basi. Hakuna chochote kuhusu Samweli. Hakuambiwa atakuwa nabii, hakuambiwa ana karama gani, wala hakuonyeshwa mataifa. Mtoto aliyeamka mara tatu kumhudumia mzee ameitwa mara ya nne ili apewe habari mbaya za mzee huyo huyo.

Wala hazikuwa habari mpya. Sura ya pili inasema mtu wa Mungu alishafika kumwambia Eli karibu haya haya. Shilo nzima ilijua. Mtumishi wa makuhani alikuwa anachomeka uma wa meno matatu kwenye sufuria za watu waliokuja kutoa sadaka, kinachonasa anaondoka nacho. Baadaye wakataka nyama mbichi kabisa, ukikataa wanachukua kwa nguvu. Hofni na Finehasi walilala na wanawake waliohudumu mlangoni. Eli aliwasema, ndiyo, kwa upole wa baba anayejua hatasikilizwa, na akaendelea kula. Samweli alikulia humo. Ile kanzu ndogo aliyoletewa na mama yake kila mwaka aliivaa katikati ya moshi wa nyama iliyoibwa.

Sasa niambie ni kongamano gani la vijana litasoma hadi hapo. Mhubiri angejikuta anawaambia vijana mia tatu kwamba kuitwa na Mungu ni pamoja na kupewa neno juu ya nyumba ya mchungaji. Nadhani kinanda kinaanza mapema kwa sababu hiyo, ingawa sidhani wengi wanafanya kwa kusudi. Tumerithi mahali pa kukatia. Isaya tunamfanyia hivyo hivyo: sura ya sita tunaishia mstari wa 8, anapojitolea kutumwa. Kuanzia wa 9 anaambiwa kwamba atasema na watu hawatasikia, na alipouliza hadi lini, jibu ni mpaka miji ibaki ukiwa. Huo hatuuimbi.

Lugha yetu nayo ina mkono humu. Martin Luther mwaka 1520 aliandika kwamba fundi viatu, mhunzi na mkulima wote wamewekwa wakfu sawa na askofu, kila mmoja kwa kazi yake, na Kijerumani mpaka leo kinatumia kwa taaluma neno linalotokana na kuita. Kiswahili hakikupita njia hiyo. Kazi ni kazi, wito ni wito. Kwa Wakatoliki miito ni upadre na utawa, na ina siku yake ya maombi tangu 1964. Kwa walokole ni "huduma", na aliyeitwa ni "mtumishi". Mtu wa kawaida analisikia neno mahali pawili tu: kwenye hati ya mahakama, na pale anapoambiwa "ualimu ni wito", ambayo kwa kawaida husemwa na mtu anayekaribia kukueleza kwa nini mshahara hautapanda.

Nina rafiki, sitamtaja wala kutaja mahali, aliyekuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Kwenye mkesha mmoja mhubiri mgeni alimsimamisha akamwambia ameitwa kwa mataifa. Tulishangilia, mimi nikiwemo. Aliacha chuo ili asubiri maelekezo, maana aliambiwa sauti itakuja tena. Nilimsindikiza stendi na begi lake, na njiani tulikuwa tunazungumzia Samweli. Alikaa kwao miaka miwili. Mama yake alikuwa na sukari na mguu ulikuwa na kidonda; yeye ndiye aliyekuwa anakisafisha kila asubuhi, kwa mikono aliyofundishwa chuoni, halafu anarudi chumbani kufunga na kuomba ili ajue wito wake. Siku aliponihadithia hilo alicheka. Mimi sikuweza. Amerudi darasani sasa, anakaa na wadogo zake kwa umri.

Simlaumu mhubiri peke yake. Tulikuwa na tafsiri mbovu ya hadithi moja, na sote tuliishangilia.

Turudi Shilo, kwa sababu sehemu ninayoipenda kuliko zote hatujaifikia. Samweli analala hadi asubuhi. Msimulizi hasemi kama alipata usingizi. Halafu anafungua milango ya nyumba ya Bwana. Ni sentensi ndogo ambayo ingeweza kukosekana na mkasa ukabaki ule ule. Usiku amesikia kwamba nyumba hii imekwisha, asubuhi anafungua milango yake kama jana. Anaogopa kumwambia Eli. Na hapo anaitwa mara ya tano. Safari hii anayeita ni Eli kweli. Mtoto anaitika kwa neno lile lile alilomjibia usiku, mara tatu, alipodhani ni yeye.

Hili ndilo linanifanya niseme kwamba kilele cha sura hakipo mstari wa 10, kipo wa 16. Kuitika gizani, sauti ikiwa ya ajabu, kulikuwa rahisi. Kugumu ni kumwitikia mzee asubuhi kweupe, anayekuita mwanangu, nawe una neno lake mdomoni. Eli anamwapiza asifiche kitu. Samweli anasema yote. Na Eli, baba dhaifu, kuhani mzembe, anakubali kwa sentensi moja fupi: ni Bwana, na afanye aonavyo vema. Sijui wahubiri wangapi wa leo wangempokea hivyo kijana wa miaka kumi na miwili, kama ndio umri wake; Yosefo, mwanahistoria wa Kiyahudi, ndiye anayesema hivyo, Biblia haitaji.

Vijitabu vya kusudi haviwezi kutumia mstari wa 16, na siwashangai waandishi wake. Hauna kipimo. Hakuna dodoso litakalokuambia kama una karama ya kumwambia ukweli mtu aliyekulea. Unaitwa, unaitika, unasema ulichopewa, na kwa Samweli kilichofuata ni vita vya Afeki: sanduku la Mungu limetekwa, Hofni na Finehasi wamekufa, Eli mwenye miaka 98 ameanguka kwenye kiti chake na kuvunjika shingo.

Ukiendelea hadi sura ya nane, Samweli mwenyewe ni mzee. Ana wana wawili, Yoeli na Abiya, amewaweka kuwa waamuzi Beer-sheba, nao wanapokea rushwa na kupotosha hukumu. Wazee wa Israeli wanakuja kwake Rama na kumwambia usoni: wewe umezeeka, na wanao hawafuati njia zako. Ni lile neno alilolibeba akiwa mtoto, limemfikia yeye. Msimulizi anasema Samweli alichukizwa na ombi lao la mfalme, akaenda kuomba. Kuhusu wanawe hatuambiwi alijibu nini, wala kama aliikumbuka ile asubuhi, milango ikiwa wazi na mzee amekaa akisubiri kuambiwa.