Karakana na Daftari: Tahakiki ya Mafunzo ya Uzamili Yanayounganisha Utendaji wa Sanaa na Uendeshaji Wake Mjini Kampala

Ikisiri

Makala haya yanahakiki wazo la kuunganisha utendaji wa sanaa na stadi za uendeshaji katika shahada ya uzamili mjini Kampala. Yanadai kwamba uendeshaji hautafundishika ipasavyo ukipachikwa kando kama somo la biashara. Sharti utahiniwe ndani ya kazi ya sanaa yenyewe. Ushahidi umetolewa katika historia ya Makerere na katika istilahi za Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Hoja kwamba msanii wa ngazi ya uzamili ajifunze pia kupanga bajeti, kusoma mkataba na kuendesha ukumbi ni vigumu kuipinga. Mchoraji au mcheza ngoma anayehitimu Kampala hakuti meneja anayemsubiri mlangoni. Mara nyingi yeye ndiye mwandaaji, mhasibu na mwandishi wa barua za kuomba ufadhili. Ugumu basi hauko katika kuikubali hoja hiyo, bali katika namna ya kuitekeleza.

2.0 Fani moja, ndaki tatu

Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Shule ya Sanaa ya Margaret Trowell imo ndani ya Ndaki ya Uhandisi, Usanifu, Sanaa na Teknolojia. Idara ya Sanaa za Maonyesho na Filamu imo katika Ndaki ya Insia na Sayansi za Jamii. Masomo ya biashara na uongozi yana ndaki yake, mbali na Shule ya Biashara iliyoko Nakawa. Mgawanyo huu una sababu zake za kiutawala, lakini unashawishi njia ya mkato: kuazima kozi mbili tatu za biashara, kuziongeza kwenye ratiba ya mchoraji, kisha kuiita shahada hiyo ya pamoja.

Kasoro ya njia hiyo ni kwamba hakuna mtahini anayewajibika kwa kiungo. Mwalimu wa uchongaji atakadiria sanamu. Mwalimu wa fedha atakadiria karatasi ya hesabu. Swali la jinsi sanamu ile ilivyomfikia mtazamaji, kwa gharama ya nani na kwa masharti gani, litabaki bila mwenyewe.

3.0 Ushahidi wa historia

Historia ya Makerere yenyewe haikuanza na utengano huo. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937 katika baraza ya nyumba yake; mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London, na baadaye alikuwa pia mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda. Sam Ntiro, mchoraji kutoka Kilimanjaro aliyesoma na kufundisha Makerere, aliiwakilisha Tanganyika kama balozi mjini London baada ya uhuru, kisha akashika dhamana ya utamaduni serikalini Tanzania. Elimo Njau, mhitimu mwingine wa Makerere, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965. Jina hilo ni mchezo wa Kiswahili: paa, yule mnyama, anapaa.

Mfano ulio wazi zaidi ni jukwaa la kusafiri la Makerere, lililoanza mwaka huohuo wa 1965. Wanafunzi walizunguka na michezo ya kuigiza ndani na nje ya Uganda, kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo, bila kutoza kiingilio. Uamuzi wa kutotoza ulikuwa wa kifedha, lakini ulikuwa wa kisanaa pia, kwa kuwa ndio ulioamua hadhira; hadhira ikaamua lugha, na safari ikataka vifaa vinavyobebeka. Hapa haiwezekani kuonyesha mahali ambapo sanaa iliishia na uendeshaji ukaanza.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa hawa walifaulu bila shahada ya uendeshaji, shahada ya nini? Jibu ni kwamba ujuzi usioandikwa huondoka na mwenyewe. Moto ulioiunguza Paa ya Paa mwaka 1997 unatukumbusha jinsi kumbukumbu ya taasisi ya sanaa inavyoweza kutegemea jengo moja na watu wachache. Kila kizazi kinapoanza upya, kinalipa upya karo ya makosa yaleyale. Kazi ya uzamili ni kuugeuza uzoefu huo kuwa maarifa yanayofundishika.

4.0 Suala la istilahi

Jina tunalolipa somo huathiri kile tunachofundisha. Istilahi tatu zinashindana. "Utawala wa sanaa" unatokana na kutawala, na unamweka msanii upande wa watawaliwa. "Usimamizi" unatokana na kusimamia. Ni neno zuri, lakini msimamizi, kama yule wa mirathi, kwa kawaida hutunza mali isiyo yake. "Uendeshaji" unatokana na kuendesha, yaani kukifanya kitu kiende. Makala haya yanapendelea neno la tatu, kwa sababu halimtenganishi mwenye kazi na mwenye kuifanya iende.

Upendeleo huu una mashiko katika desturi za pwani. Ikhwani Safaa, chama cha taarabu kilichoanzishwa Zanzibar mwaka 1905, ni mfano wa muziki unaoendeshwa na chama cha wanamuziki wenyewe.

5.0 Kasoro ya kuiga

Masomo ya uendeshaji wa sanaa yalikua Uingereza na Marekani katika mazingira ya ruzuku ya umma. Uingereza ilikuwa na Baraza la Sanaa tangu 1946. Marekani iliunda mfuko wake wa taifa wa sanaa mwaka 1965. Mhitimu wa huko alifundishwa kuwajibika kwa mtoa ruzuku na kwa bodi. Kampala ni tofauti. Tamasha la Bayimba, lililoanza mwaka 2008, na kituo cha 32° East, kilichoanzishwa mwaka 2011, vilikulia katika mazingira ambamo ufadhili wa nje una uzito mkubwa. Mtaala ulioigwa utamfundisha mwanafunzi kujaza fomu za mfadhili vizuri sana, bila kumfundisha kuuliza kwa nini fomu hizo zinauliza zinachouliza.

Aidha, uendeshaji hapa haukuwa kamwe suala la hesabu tu. Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia aliyekuwa pia mkurugenzi wa Jumba la Taifa la Maonyesho, aliuawa mwaka 1977 chini ya utawala wa Idi Amin. Sheria ya maonyesho ya jukwaani na burudani za umma ina asili ya enzi za ukoloni. Sheria ya Hakimiliki ni ya mwaka 2006. Anayeendesha ukumbi Kampala lazima azijue zote mbili, na ajue pia historia ya woga iliyozizunguka.

6.0 Mapendekezo na hitimisho

Kwanza, tasnifu iwe kazi ya sanaa pamoja na njia yake: mwanafunzi awasilishe onyesho, mikataba, bajeti halisi na tahakiki ya maamuzi yaliyofanywa, na jopo moja likadirie vyote kwa pamoja. Pili, kila mwanafunzi awe na wasimamizi wawili, mmoja wa karakana na mmoja aliyewahi kuendesha taasisi ya sanaa, hata kama huyu hana shahada ya uzamivu. Tatu, tasnifu hizo zitunzwe kama hifadhi ya uzoefu wa Kampala. Nne, mikataba na mawasiliano ya ziara vifundishwe kwa Kiswahili pia. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda liidhinishe mwaka 2022 utekelezaji wa Kiswahili kama lugha rasmi, hakuna sababu ya msanii anayeelekea Mombasa au Goma kukosa lugha ya kukubaliana bei.

Washauri wa sera wanaopokea mtaala wa aina hii wanaweza kuupima kwa swali moja: je, mwanafunzi anaweza kufaulu sanaa na kufeli uendeshaji, au kinyume chake, akahitimu? Ikiwa anaweza, basi mtaala huo ni shahada mbili nusunusu zilizofungwa kamba moja, na urejeshwe kwa waandishi wake.