Saa Ndefu na Ndoa ya Mkeka

Siku ya kukagua mali kabla ya mnada, katika kumbi ndogo za miji ya Uingereza, watu hujipanga mbele ya saa ndefu za kabati wakizitazama usoni. Mmoja husoma jina la fundi, mwingine husifia mwezi uliochorwa juu, wa tatu hupapasa mbao. Mimi huomba ruhusa kwa mhudumu, nikashika kile kichwa cha kabati kwa mikono miwili na kukivuta taratibu kije mbele. Kikitoka, mashine inabaki wazi. Hapo ndipo ukaguzi huanzia, na tochi ni lazima.

Saa ninayoisema ni ile isimamayo sakafuni, ndefu kupita mtu. Wengi huiita saa ya babu kwa sababu ya wimbo wa Mmarekani Henry Clay Work wa mwaka 1876, lakini saa zenyewe zina umri mkubwa kuliko wimbo. Mholanzi Christiaan Huygens alibuni saa ya pendulamu mwaka 1656. Mnamo 1670 hivi mafundi wa London walianza kutumia kipande chenye umbo la nanga, kinachozuia na kuachia gurudumu jino moja baada ya jingine. Nanga hiyo iliiwezesha pendulamu ya karibu mita 1 kuyumba kidogo tu, kila mwendo sekunde moja. Kwa hiyo kabati halikurefushwa kwa maringo. Lilihitajika kuihifadhi pendulamu hiyo, na kuyapa mawe nafasi ya kushuka. Nayaita mawe kama tunavyoita mawe ya mizani, ingawa ni risasi au chuma.

Shida ya mnunuzi inatokana na jambo moja: kabati na mashine havikutoka mkono mmoja. Fundi saa alitengeneza mashine, seremala akajenga kabati. Shaba haiozi. Kabati, likisimama miaka mia mbili kwenye sakafu ya mawe inayooshwa kwa maji kila wiki, huoza kitako na kubunguliwa ubavuni. Basi wachuuzi wakawa na mashine zisizo na makabati na makabati yasiyo na mashine, wakaziozesha. Wenyewe Waingereza huiita ndoa. Mimi nimeishi Mombasa kabla ya kuja huku, na kwangu hiyo ni ndoa ya mkeka kabisa: wawili hawakuchaguana, wamefumaniwa na shida, na mashahidi wote wananyamaza.

Nilipoteza pauni 600 kuyajua haya. Saa yangu ya kwanza niliinunua dukani kwa mtu aliyevaa tai nzuri na kusema kwa upole. Nilipoifikisha nyumbani, rafiki yangu fundi alichungulia ndani kwa dakika mbili, kisha akaniuliza kama nimekwisha lipa.

Alichokiona ni hiki. Mashine hukaa juu ya ubao mnene, na ubao hukaa juu ya mbavu mbili za kabati zinazochomoza kila upande. Katika saa ambayo haijavunjwa nyumba yake, ubao hutua moja kwa moja juu ya mbavu hizo, na mbao zote zimekuwa na weusi mmoja wa vumbi na moshi. Kwangu, kila ubavu ulikuwa umeongezewa kipande cha mbao nyeupe kilichopigiliwa misumari, ili kuinua mashine fupi ifikie mlango wa kichwa. Muuzaji alikuwa amekipaka chai au vanishi nyepesi, lakini upande wa chini alisahau. Siku hizi kidole changu hupita chini kabla ya juu. Ukikuta ubao mpya peke yake usikimbie, maana mbao za kukalia mashine hupasuka na kubadilishwa kwa haki. Nyongeza za kuinua, au mbavu zilizokatwa kwa msumeno ili kuishusha mashine, ndizo zinazopaswa kukuvunja moyo.

Kisha rudisha kichwa mahali pake, funga mlango wake wa kioo, utazame fremu inavyokutana na uso wa saa. Fremu iufunike ukingo wa uso kidogo tu, sawasawa pande zote. Ikiacha mwanya ukaona giza la ndani, uso ni mdogo kwa nyumba hiyo. Ikiyala mapambo ya pembeni, uso ni mkubwa. Seremala wa 1750 alipimiwa uso kabla ya kushika randa, na hakuwa mjinga.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko chini zaidi. Fungua mlango mrefu wa kiwiliwili, sukuma pendulamu kando, umulike ubao wa mgongo. Mara nyingi utaona mkwaruzo uliopinda kama mwezi mchanga, mahali ambapo uzito wa pendulamu uligusa mbao kwa miaka, siku ambazo saa haikusimama wima. Sasa iachie pendulamu irudi. Uzito wake ukipita juu ya mkwaruzo huo huo, vitu hivyo vimeishi pamoja muda mrefu. Ukipita mahali pengine kabisa, jiulize ni saa gani nyingine iliyokuwa ikiyumba humo. Tazama pia kama mawe yameacha alama za kugonga kwenye sakafu ya kabati. Hizo ni alama za kamba zilizokatika, na hazipunguzi bei hata senti.

Uso wenyewe husomwa kwa nyakati. Nyuso za mwanzo ni za shaba ya njano, za mraba, inchi 10 hivi mwishoni mwa karne ya 17, zikakua hadi inchi 12 na kuongezewa tao juu katika karne ya 18. Mwaka 1772 Osborne na Wilson wa Birmingham walianza kuuza nyuso za chuma zilizopakwa rangi nyeupe, na baada ya miaka michache shaba ikaanza kuonekana ya kizamani. Kwa hiyo uso mweupe ndani ya kabati la mtindo wa 1720 una maelezo ya kutoa. Kwa uso wa shaba, omba kuuona mgongo. Shaba ya zamani ilimiminwa, ikapondwa kwa nyundo, ikakwanguliwa. Mgongo wake una mabonde na vijishimo. Mgongo laini kama sufuria mpya ni wa kiwandani. Na kila tundu lina sababu yake: matundu yaliyozibwa, yasiyoshikilia chochote, yanasema uso huo uliwahi kufungwa kwenye mashine nyingine.

Jina lililochorwa usoni ndilo linalowapumbaza wengi. Fundi saa Thomas Tompion, aliyefariki 1713 na kuzikwa Westminster Abbey, saa yake huuzwa kwa bei ya nyumba, ndiyo maana jina lake limeandikwa kwenye saa nyingi ambazo hakuwahi kuziona. Pitisha ukucha polepole penye jina. Ukihisi bonde, jina la mwanzo limekwanguliwa na hili limeletwa. Kwenye nyuso nyeupe jina mara nyingi ni la mwenye duka, kwa kuwa hata mashine wakati huo ziliagizwa zikiwa tayari kwa sehemu kubwa. Lina thamani kwa mtu anayetaka saa ya mji wa babu zake, na basi.

Hesabu matundu ya ufunguo. Mawili ni saa ya siku nane, unaijaza mara moja kwa wiki. Bila tundu ni saa ya saa thelathini, inayojazwa kila siku kwa kuvuta mnyororo au kamba ndani ya kabati, na hiyo ni ya bei ya chini. Wapo waliochora matundu ya uongo ili majirani wadhani ni ya siku nane. Fungua mlango uhesabu mawe, maana jiwe moja halidanganyi. Mshale wa dakika (mjomba wangu aliyekuwa fundi saa angeuita akrabu) nao una hila yake. Saa nyingi za vijijini zilikuwa na mshale mmoja tu, na kati ya namba na namba palikuwa na nafasi nne za robo. Ukikuta nafasi nne na mishale miwili, mmoja ni mgeni.

Kuhusu mashine, sitaki kumchosha asiye fundi. Shika gurudumu la juu kwa vidole uliyumbishe: likicheza sana, matundu ya ekseli yamelika na yanahitaji kutiwa bushi. Hiyo ni kazi ya kawaida. Kinachoniudhi ni kuona nukta nyingi za patasi au msumari zimegongwa kuzunguka tundu ili kulibana. Huo ni ufundi wa njaa, na kuusahihisha ni ghali. Tazama mabawa ya nanga kama yamechimbwa mifereji. Igonge kengele kwa ukucha uisikilize. Basi. Lakini kabla hujataja bei, kumbuka kwamba kusafisha na kurekebisha mashine nzima hugharimu mamia ya pauni, na saa ya kawaida ya mwaloni siku hizi mara nyingi hununuliwa mnadani kwa mamia hayo hayo. Juu yake mnada hukudai kamisheni, mara nyingi karibu robo ya bei.

Kabati la mwaloni ni la mashambani, gumu na aminifu; mahogani huja kwa wingi baada ya 1750; mjozi uliobandikwa kwa utando mwembamba ni wa London na wa wenye nacho. Kitako kilichobadilishwa nakisamehe kwa punguzo. Kichwa kilichokatwa mapambo ili kiingie chini ya dari fupi nakisamehe kwa shida zaidi.

Udhaifu wangu ni saa za miji ya bandari, kama Bristol, Hull na Liverpool. Katika tao lake huzunguka sahani yenye miezi miwili na meno 118, mzunguko mmoja siku 59, na kwenye baadhi yake pembeni pameandikwa saa ya maji kujaa. Mtu aliyekua akihesabu bamvua hawezi kuipita saa hiyo kwa akili timamu, kwa hiyo ukaguzi wake namwachia mtu mwingine.

Jambo la mwisho ni kuhusu saa zinazouzwa kama mbovu. Mawe yakishuka hadi usawa wa pendulamu, mahali fulani katikati ya wiki, huanza kuyumba pamoja nayo. Kabati likiwa halikufungwa ukutani hutikisika, likainyang'anya pendulamu nguvu zake, na saa husimama, wiki baada ya wiki, siku ile ile. Mwenyewe hukata tamaa akaipeleka mnadani. Ukikuta kwenye mgongo wa kabati matundu ya skrubu za zamani na skrubu zenyewe hazipo, muulize mhudumu kama muuzaji alieleza saa ilikuwa ikisimama siku gani. Mwaka juzi nilijibiwa, "Alhamisi, sijui kwa nini." Nililipa bei ya saa mbovu. Nyumbani niliifunga ukutani kwa skrubu mbili, na Alhamisi hiyo ikapita ikigonga.