Mikono Nyuma, Mwalimu

Kumfundisha mtoto wa miaka sita kutumia kompyuta ni kazi ngumu kuliko kumfundisha karani wa miaka arobaini, na ugumu wenyewe hautoki kwa mtoto. Mtoto haogopi. Karani ataomba ruhusa kabla ya kubonyeza. Mtoto hubonyeza kwanza, tena kwa vidole vyote, halafu akakutazama usoni apime umekasirika kiasi gani. Anayepata taabu ni mwalimu. Jibu analijua, kishale anakiona kimekwama pembeni mwa skrini, wengine wanasubiri zamu, na mkono wake wa kulia unamwasha. Akiunyosha tu na kukitwaa kipanya, somo limekwisha. Picha itafunguka, mtoto atafurahi, na hatakuwa amejifunza lolote ila kwamba mwalimu ni hodari.

Walimu wa madarasa ya chini ninaowastahi zaidi katika pande hizi za Kitale na Bungoma wana tabia moja. Wakisimama nyuma ya mtoto aliyekwama, mikono yao huwa wameifunga mgongoni. Ile amri ya "mikono nyuma" ambayo kizazi chetu kilipigiwa kelele nayo shuleni, wao wamejipa wenyewe.

Vifaa vyenyewe vilikuja kwa kuzunguka. Kampeni ya uchaguzi ya mwaka 2013 nchini Kenya iliahidi kila mtoto anayeanza darasa la kwanza kipakatalishi chake; zabuni ikagonga mwamba, na ahadi iliporudi mwaka 2016 ilikuwa imevaa umbo la tableti ngumu za kutumiwa shuleni, pamoja na projekta, seva na vifaa viwili vya walimu. Mmoja wa washindi wa zabuni hiyo mpya alikuwa jirani yetu, Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret, akishirikiana na kampuni ya Kireno ya JP.SA Couto. Vifaa zaidi ya milioni moja viligawiwa shule zaidi ya 21,000 nchini. Habari za tableti zilizolala kabatini zimeandikwa vya kutosha, nami sina la kuongeza. Ninaowaandikia sifa hapa ni wale waliozitoa kabatini.

Tazama kibodi kwa macho ya mtoto wa Gredi ya 1. Ametumia miezi kuzijua herufi ndogo, na kwa jasho ametenganisha b na d. Sasa anawekewa ubao ambao kila herufi yake ni kubwa, na wala hazifuatani kama alivyoimba. Baada ya A inakuja S. Mpangilio huo ni urithi wa mashine za chapa alizobuni Christopher Latham Sholes huko Marekani, zikaundwa na kampuni ya Remington na kuingia sokoni mwaka 1874, na tangu hapo hakuna aliyeona haja ya kumwomba radhi mtoto yeyote. Mtoto anatafuta herufi ya kwanza ya jina lake na haioni, ingawa iko chini ya kidole chake. Mwalimu mwepesi wa mkono ataionyesha. Mwalimu fundi alishachora kibodi hiyo kwenye kipande cha katoni wiki iliyopita, akabandika herufi ndogo kando ya kila herufi kubwa, na watoto wakaichezea hadi katoni ikalegea. Siku ya mashine anakaa kimya. Ule ukimya wake umetayarishwa kwa saa nyingi, na hakuna anayeulipia.

Halafu kuna suala la lugha. Mtaala unataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha ya eneo. Kitale mjini, ambako mashamba ya walowezi na reli iliyofika mwaka 1926 vilikusanya watu wa kila kabila, lugha hiyo ni Kiswahili. Ukishuka Kiminini, ukapita Kamukuywa na Kimilili hadi Chwele, watoto wanacheza kwa Lubukusu. Ukipanda miteremko ya Elgon, kwa Kisabaoti. Skrini haijali hayo, inazungumza Kiingereza. Kwa hiyo mwalimu anageuka mkalimani wa mashine, na kwa kuwa wanafunzi wake bado hawajui kusoma, anatafsiri picha badala ya maneno. Katika programu nyingi alama ya kuhifadhi kazi bado ni kile kidiski cha mraba ambacho mtoto wa leo hajawahi kukiona. Mmoja atasema ni redio, mwingine ataapa ni televisheni. Sioni kwa nini wasahihishwe. Redio iitwe redio, mradi wanaibonyeza kabla stima haijapotea.

Na stima itapotea. Huku kwetu mawingu hutanda mchana, radi ikapiga, na kompyuta ya mezani, kwa shule iliyo nayo, ikafa katikati ya mstari. Tableti yenye chaji hubaki hai, lakini mwenye kompyuta ya mezani amepoteza ng'ombe aliyemchora kwa nusu saa. Analia, tena kilio cha haki. Hapo ndipo mtoto anapokutana na wazo gumu kuliko yote katika elimu hii, kwamba kitu anachokiona mbele ya macho yake bado hakijawekwa popote. Simjui mtu mzima aliyelielewa kwa kuelezwa. Nimesikia mwalimu akimwambia mtoto kama huyo maneno mawili tu, "Mchore tena," akaondoka. Nilimwona mkatili, hadi nilipomwona mtoto, umeme uliporudi, akiibonyeza ile redio baada ya kila mguu wa ng'ombe.

Wapo pia wanaofundisha bila mashine kabisa. Mwaka 2018 picha ya mwalimu wa Ghana, Richard Appiah Akoto, ilizunguka dunia. Shule yake haikuwa na kompyuta, naye alikuwa amechora ubaoni kwa chaki dirisha zima la programu ya kuandikia, vitufe na vyote. Nampa heshima yake kamili. Ila chaki ina upungufu mmoja ambao hata ustadi wake usingeuziba: ubao haujibu. Ukiugusa mahali pasipofaa hakuna kinachotokea, na mtoto anabaki kumtegemea mtu mzima amwambie kama amekosea.

Dawa ya upungufu huo inapatikana uwanjani, hata pasipo waya wa umeme. Mtoto mmoja anakuwa roboti, wenzake wanamwamuru: hatua tatu mbele, geuka kushoto, hatua mbili. Roboti hafikirii, hutii tu. Akiambiwa "tembea" bila idadi, atatembea hadi kwenye ua wa michongoma, na darasa zima litapiga kelele kabla halijagundua kwamba amri ilikuwa yao. Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria aliyebuni lugha ya Logo na wenzake Wally Feurzeig na Cynthia Solomon mwaka 1967, aliwataka watoto watembee wenyewe njia ya kasa anayeongozwa kwa lugha hiyo kabla ya kumpa amri. Mwaka 1982 aliipeleka kazi hiyo kwa watoto wa Dakar. Mwalimu wa Kimilili hahitaji kuyajua majina hayo ili kupata faida ileile: kosa linaonekana kwa macho, na wenye kosa wanalirekebisha wenyewe. Ila kushoto na kulia zitamtesa. Hapo wengine hufunga uzi kwenye mkono wa kushoto wa kila roboti.

Ndani ya darasa tableti moja hutumiwa na wawili au watatu, na mwenye nguvu ndiye hushika. Kanuni nzuri niliyoiona ni hii: anayesema hagusi, anayegusa hasemi, kisha wanabadilishana. Mwoga anapata ulimi, mkaidi anapata masikio. Haya yote yanafanyika ndani ya kipindi cha Hisabati au cha lugha, maana katika Gredi za 1 hadi 3 kompyuta haina kipindi chake; umahiri wa kidijitali umetajwa na mtaala na kuachwa utafute nafasi katika masomo mengine.

Tatizo la ufundi huu wa mikono nyuma ni kwamba haupigi picha vizuri. Wageni wakija, darasa la mwalimu mwenye mikono myepesi litakuwa na michoro safi na majina yaliyoandikwa bila kosa. Lile lingine litakuwa na ng'ombe wa miguu mitano na jina lililokosa irabu. Ningekuwa afisa wa elimu wa kaunti, ningepita kwenye kila skrini na swali moja: hapa nani alibonyeza? Kwenye darasa la michoro safi wangemtazama mwalimu. Kwa mwenye ng'ombe wa miguu mitano wangejibu wawili kwa pamoja, "Mimi!", na ugomvi wao ungenichelewesha kufika shule inayofuata.