Dakika Moja ya Kezar: Fani ya Roller Derby Machoni pa Mtoto

Muulize mtu aliyekulia San Francisco katika miaka ya 1960 kuhusu usiku ambao wazazi wake walimpeleka kwenye ukumbi wa Kezar Pavilion kutazama Roller Derby, mchezo wa viatu vya magurudumu. Matokeo ya mechi huenda hana habari nayo tena. Lakini atakueleza ngurumo ya magurudumu juu ya mbao, kikumbo kilichomrusha mchezaji hadi kwenye uzio, na mchezaji nyota Joan Weston akikata kona. Ni rahisi kusema umri umemfutia yaliyobaki. Mimi nasema mchezo wenyewe ulisukwa hivyo: fani yake iliipa dakika uzito zaidi kuliko matokeo.

Tuanze na muundo. Mechi ilikuwa na vipindi vinane vya dakika 12, na kila kipindi kilijaa raundi zisizozidi sekunde 60. Wachezaji watano kwa watano waliondoka pamoja, kisha wafungaji wakachomoka mbele, wakauzunguka uwanja na kulifikia kundi kwa nyuma. Hapo ndipo vita vilipoanza. Kila mpinzani aliyepitwa alikuwa pointi moja, na walinzi walitumia mabega na makalio kuziba njia. Mchezo wenye kanuni nyingi namna hii ungeweza kumchosha mtoto, lakini raundi fupi ilimpa kisa kizima: kundi, mkimbio, mgongano, mwisho. Aliyepitwa na kimoja hakungoja sana kupata kingine. Ni muundo wa beti, ambapo kila ubeti hujitosheleza ingawa shairi linaendelea.

Mwisho wa raundi unastahili kutazamwa kwa karibu. Mfungaji aliyetangulia aliruhusiwa kuikatisha kabla ya muda kwa kushika kiuno kwa mikono yote miwili. Amekwisha vuna pointi zake, mpinzani wake yuko nyuma yake tu anakaribia kuvuna zake, naye anashika kiuno: basi. Mtoto wa safu ya mwisho hakuhitaji mtangazaji amfafanulie. Katika michezo mingi filimbi ya mwamuzi ndiyo hukata tukio. Hapa mchezaji mwenyewe alipewa mamlaka ya kusema kisa kimefika mwisho, tena kwa ishara ya mwili.

Mandhari nayo ilifanya kazi ambayo runinga haikuweza. Wengi waliujua mchezo kwanza kupitia kituo cha KTVU cha Oakland, kwa sauti ya mtangazaji Walt Harris, na kanda za mechi hizo zilisambazwa kwenye vituo vingi vya Marekani. Kioo, hata hivyo, huulaza mwinamo wa uwanja. Ukumbini, uwanja ule wa mbao uliofungwa na kufunguliwa ili usafirishwe kutoka mji hadi mji ulisimama kama ulivyo, kona zake zikiwa zimeinuka upande wa nje. Aliyeteremka kutoka juu ya kona aliongeza kasi mbele ya macho yako, na aliyekosea alianguka kweli. Wakosoaji walishikilia kwamba ugomvi mwingi ulipangwa. Hata tukiwakubalia, mbao na mwinamo havikupangika, na mtoto aliyekaa karibu na uzio aliuhisi mtikisiko wa mbao miguuni.

Wahusika walichorwa kwa mistari minene. Bay Bombers, timu ya Weston, walikuwa mashujaa wa nyumbani, wageni wakawa mahasimu. Weston alikuwa mrefu, mwenye nywele za dhahabu. Upande wa mahasimu, Ann Calvello alizipaka zake rangi zisizotarajiwa na kupokea kelele za kuzomewa kifua mbele. Mtu anaweza kuwaita wahusika bapa. Lakini Calvello alikuwa ameanza mchezo huu mwishoni mwa miaka ya 1940, na shabiki aliyekuja kumzomea alijikuta akimtazama fundi.

Hata hivyo, sehemu ya fani ninayoithamini kuliko zote ni hesabu. Leo Seltzer alipouanzisha mchezo huu Chicago mwaka 1935, ulikuwa mbio ndefu za jozi, mwanamume na mwanamke wakipokezana. Kupokezana huko kulibaki hata baada ya migongano kuingia: kipindi cha wanawake, kipindi cha wanaume, kanuni zile zile, na pointi za wote zikijumlishwa pamoja. Wanaume wa Bombers wakiingia na upungufu, waliurithi kutoka kwa wanawake wao. Wakiingia na ushindi mkononi, vilevile. Hakuna aliyemhubiria mtoto kuhusu usawa. Aliusoma kwenye ubao wa matokeo, mahali ambapo hauwezi kubishiwa.

Biashara ya akina Seltzer ilifungwa mwaka 1973. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanawake wa Austin, Texas, waliufufua mchezo, na ulipoenea ulihamia zaidi kwenye sakafu tambarare, wachezaji wakiumiliki wenyewe. Huo ni ushindi ambao Weston na Calvello hawakuupata. Lakini ule muundo wa wanawake na wanaume kuchangia jumla moja haukuwa tena kiini chake, na ndiyo maana kumbukumbu za mashabiki wa Kezar zisipuuzwe kama hamu tu ya utoto. Ni ushuhuda wa watazamaji juu ya fani iliyomfanya mwanamke kuwa nusu ya matokeo, usiku baada ya usiku, katika nchi ambayo michezo yake mikubwa ilimweka pembeni.