Shukrani ya Mrejeaji: Kukisoma Upya Kitabu cha Tippu Tip

Wanaokiendea kitabu cha Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aghalabu hutafuta habari za vita na za pembe. Wachache hukisoma kama fasihi. Walakini Maisha yake, aliyoyaandika kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu baada ya kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903, ni miongoni mwa tawasifu za mwanzo za lugha yetu. Nayo ni habari ya mtu anayekwenda na kurejea, kisha akaenda tena. Basi yafaa kuuliza: msafiri huyu, alipofika kwao salama, alimshukuru nani?

Hamed alizaliwa Unguja mnamo 1837, lakini alikuwa na kwao pawili. Baba yake, Muhammed bin Juma, alifanya makazi Ituru, karibu na Tabora, akamwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Kwa hiyo msafara utokao Manyema ulipoingia Tabora, pwani ingali mbali kwa mwendo wa miezi mitatu hivi, Hamed alikuwa amekwisha kufika kwa jamaa. Hata Mirambo, aliyepigana na Waarabu wa Tabora tangu 1871, alitaka urafiki naye. Mali nyingi namna ile isingepita njia ile bila ya watu wa kuipisha.

Ama kuhusu mtindo, msomaji anayengoja maneno ya moyoni atangoja sana. Sentensi ni fupi, zimefungwa kwa -ka-, tendo likizaa tendo, na kauli za watu zikijibizana kama barazani. Machozi hayamo, wala dua ndefu. Shukrani imo, ila haitamkwi: imeandikwa kama hesabu. Taria Topan, tajiri wa Kihindi wa Unguja, alimkopesha bidhaa kwa safari iliyoanza mnamo 1870 na kumalizika 1882. Ni miaka 12 ya kungoja, na bara lile halikuwa na dhamana. Wahenga wamesema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Wakasema pia dawa ya deni kulipa. Katika kitabu hiki methali hizo mbili zimekuwa moja. Rafiki ni aliyemwamini mtu kwa mali, na kumtaja kwa jina ndiko kumshukuru. Huo ni uzuri mkavu, usio na kujipendekeza, na washairi wetu wapendao kumwaga sifa wangejifunza kitu kwake.

Lakini hapo hapo ndipo penye ila yake kubwa. Wenye majina ni wenye mali, watawala na jamaa. Waliozibeba pembe huingia kwa idadi, na huonekana waziwazi wanapotoroka. Msimulizi haoni haya kueleza jinsi wapagazi wake walivyomkimbia, naye akawaandama vijijini kwao, akakamata watu kwa mamia wakabebe mizigo. Analieleza jambo hilo kama ushindi. Kati ya waliokuwa chini ya mizigo ile ya bara walikuwamo watu wa ujira, na walikuwamo watumwa ambao kila hatua ya kuelekea pwani iliwatenga na kwao. Marejeo ya bwana yalikuwa uhamisho wao.

Iko pia safari ambayo kitabu hakiioni. Kwa Mnyamwezi wa ujira, ugeni ulikuwa ni Bagamoyo, na marejeo yalikuwa ni Tabora. Naye alikuwa na marafiki wa kuwashukuru: wenzake wa kambi waliokula naye chungu kimoja, na waliouchukua mzigo wake alipougua. Shukrani zake alizitia katika nyimbo za njiani, na nyingi hazikuandikwa.

Je, kitabu kitupwe? La. Kinasema kweli kuliko kumbukumbu nyingi za wasafiri wa Kizungu waliojipamba kwa huruma. Wafasiri, tangu W. H. Whiteley aliyekitia katika Kiingereza, wana wajibu wa kutoulainisha ukavu wake, kwa kuwa ndani ya ukavu huo msomaji huhisi nani hakutajwa.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na misafara ya kichwani ikafifia. Mwaka 2006 Tanzania iliitia njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe katika orodha ya awali ya urithi wa dunia. Nyumba ya Hamed, alikofariki mwaka 1905, ingali Mji Mkongwe, na wapitao huusifu mlango wake. Tajiri alilipwa deni lake. La wapagazi limebaki, na msomaji wa kisiwani aliye karibu na mlango ule hana budi kujua kwamba nalo limo katika nyumba.